Kwenda Dodoma Bila Kuitwa

Watu wengi ninaowafahamu walifika Dodoma kwa kuitwa. Mwalimu aliitwa kwenye usaili wa ajira, mtumishi wa halmashauri aliitwa kikaoni, mstaafu alikwenda kufuatilia mafao yake, mama alimsindikiza mwanawe aliyepangiwa Chuo Kikuu cha Dodoma. Wengine wameiona kwenye dirisha la basi tu, wakielekea Singida, Mwanza au Bukoba. Basi likasimama, wakanunua mfuko wa zabibu na ubuyu wa watoto, safari ikaendelea. Ukimwambia mtu wa Dar es Salaam kwamba wiki ijayo unakwenda Dodoma, atakuuliza, "Kuna nini huko?" Anataka kujua kama una kesi, una kikao au umefiwa. Ukimjibu kwamba unakwenda kutembea, atakutazama mara mbili. Kutembea, kwa wengi wetu, ni Zanzibar, ni Bagamoyo siku ya sikukuu, au mbuga za wanyama kwa mwenye uwezo.

Nchi ya Ugogo imezoea kupitwa. Misafara ya karne ya 19 iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilikatiza humo, na watemi wa Kigogo waliitoza hongo kwa sababu visima na chakula vilikuwa vyao, na katika nchi kavu namna ile msafara haukuwa na pa kwenda bila wao. Burton alipita akielekea Ziwa Tanganyika. Stanley alipita akimtafuta Livingstone. Walipita pia maelfu ya wapagazi ambao hakuna aliyeandika majina yao, mizigo mabegani. Kisha Wajerumani wakaleta reli: ilifika Dodoma mwaka 1910, na kufikia 1914 ilikuwa imefika Kigoma. Barabara kuu ya kaskazini, ile iliyokusudiwa kuunganisha Cape na Cairo, nayo ikakatiza hapohapo. Njia mbili kubwa za nchi zilikutana Dodoma, na bado msafiri aliutazama mji huu kama mahali pa kubadilishia usafiri.

Nimekwenda kutembea huko, bila barua wala kikao, nikiwa na Shangazi. Nataka kueleza jinsi safari ile ilivyopangwa, kwa sababu kuipanga kulinifundisha zaidi ya nilivyotarajia kufundishwa na mji wenyewe.

Shangazi ni dada mkubwa wa baba yangu, muuguzi mstaafu. Ameizunguka nchi hii kuliko sisi sote nyumbani. Alifika Moshi kumzika mdogo wake, Mtwara kumwoza mpwa wake, Songea kumuuguza mkwewe, Tanga mara nyingi kwa mambo ya ukoo. Kila safari aliyowahi kufanya ilikuwa ya mtu mwingine. Alifungasha kanga zake kwa sababu fulani kafa, fulani anaolewa, fulani kajifungua. Siku moja, tukiwa tumekaa barazani kwake Temeke baada ya swala ya alasiri, nikamuuliza: "Shangazi, ungepewa nafasi, ungependa kwenda kuona nini?" Alinyamaza kwa muda. Nilidhani hakunisikia, nikataka kurudia. Ndipo akasema, "Mwanangu, sijawahi kuulizwa hilo." Baada ya kitambo akaongeza: "Ningependa kuona wanapokaa wale ninaowasikia redioni."

Alimaanisha Bunge. Shangazi husikiliza Bunge kama wengine wanavyosikiliza mpira. Anawajua wabunge kwa sauti, anajua nani huuliza maswali ya nyongeza yenye maana na nani huinuka tu asikike jimboni kwake.

Habari zilipoenea katika ukoo, kila mmoja aliongeza lake. Kaka yangu alisema huwezi kufika Dodoma usione michoro ya mapangoni Kolo, huko Kondoa. Binamu alisisitiza Mji wa Serikali Mtumba, ili Shangazi aone wizara zilivyojipanga. Mwingine akataka tupite chuoni UDOM, mwingine Msikiti wa Gaddafi, mwingine Bwawa la Mtera tukale samaki. Yote yalikuwa mazuri, na waliyataja kwa upendo. Niliyaandika yote. Nilipomsomea Shangazi orodha ile, alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Na kupumzika ni saa ngapi?"

Swali lile ndilo lililoipanga safari. Kazi yangu ikawa kupunguza, na kupunguza kulinisumbua. Kuongeza jambo kwenye safari hakuna gharama ukiwa umekaa nyumbani na kalamu. Gharama huja pale, saa nane mchana, jua la utosi, goti linauma, na bado kuna sehemu mbili "za kumalizia". Nimeona safari nyingi za namna hiyo: basi la kukodi, vituo vitano kwa siku moja, watu wanashushwa, wanapiga picha, wanapandishwa. Jioni ukiwauliza waliona nini wanakuonyesha simu. Watu wale wametumia akiba ya mwaka mzima, na mtu aliyetumia akiba ya mwaka anastahili kurudi nyumbani ameburudika.

Kwa hiyo tukakubaliana, mimi na yeye, kwamba siku itabeba jambo moja asubuhi na jingine jioni. Mchana ni wa kula na kulala. Na kwa kuwa yeye ndiye mwenye goti bovu, mwendo utakuwa wake.

Kisha likaja suala la majira. Anayetaka kuliona Bunge likiwa kazini lazima aende linapokaa, na linapokaa, vyumba vya kulala Dodoma huwa haba na bei hupanda, kwa sababu wabunge, maofisa, waandishi wa habari na watu wenye shida zao wote wako mjini. Anayetaka gesti nzuri kwa bei ya kawaida aende Bunge likiwa likizoni, lakini atakuta ukumbi mtupu. Hapo huwezi kupata vyote. Tulichagua Bunge, na tukaweka nafasi ya vyumba mapema. Bunge la Bajeti huanza Aprili na kuendelea hadi mwisho wa Juni. Aprili mvua zinaelekea ukingoni, vilima bado vina majani, vumbi limetulia, na mavuno ya kwanza ya zabibu yako sokoni. Juni na Julai ni wakati mzuri pia, ila usiku kuna baridi na upepo wa Dodoma hauna huruma kwa mzee asiye na sweta.

Siku pia zina maana. Alhamisi asubuhi ndipo wabunge humuuliza Waziri Mkuu maswali ya papo kwa papo. Kwa Shangazi hiyo haikuwa na mjadala: tuondoke Jumatano.

Tulikwenda kwa treni ya SGR, na hapa naomba niseme wazi kwamba bila treni hii safari isingekuwepo. Kwa basi, Dar hadi Dodoma ni siku nzima ya kukaa umekunja miguu, na kila kijiji dereva anapunguza mwendo hadi kilomita 50 kwa saa kwa mujibu wa sheria. Mtu wa umri wa Shangazi hufika akiwa amechoka kiasi kwamba siku ya pili yote ni ya kujiuguza. Treni ya umeme ilianza kubeba abiria hadi Dodoma mwishoni mwa Julai 2024, na Rais Samia Suluhu Hassan akaizindua rasmi tarehe 1 Agosti mwaka huo. Njia ina urefu wa kilomita 460 hivi, na treni inaweza kwenda hadi kilomita 160 kwa saa. Nauli ya daraja la kawaida ilipangwa shilingi 31,000 kwa mtu mzima ilipoanza. Unachotakiwa ni kufika stesheni mapema ukiwa na kitambulisho chako, maana mizigo inakaguliwa na treni haimsubiri mtu.

Baada ya Morogoro mandhari hubadilika. Kijani cha Uluguru kinabaki nyuma, milima ya Kilosa inakaribia, na treni inaingia kwenye mahandaki. Shangazi alinishika mkono kila giza lilipoingia, akauachia mwanga uliporudi. Reli ya zamani ilipita bondeni, kandokando ya mto, na mafuriko yaliikata mara kwa mara kati ya Kilosa na Gulwe, abiria wakalala njiani siku kadhaa. Aliwahi kulala njiani hivyo, akienda Tabora enzi za ujana wake kazini, na pale kwenye dirisha la treni mpya ndipo nilipoisikia hadithi ile kwa mara ya kwanza: jinsi abiria wa mabehewa matatu walivyochanga unga na maharage, na yeye akamzalisha mwanamke kwa taa ya kandili. Nimeishi karibu naye maisha yangu yote na sikuijua. Hakukuwa na haraka siku ile, wala simu ya msiba, wala sufuria jikoni. Ndiyo maana aliisimulia.

Tulifika mchana, tukala, tukalala. Jioni tulikwenda Nyerere Square, tukakaa karibu na sanamu ya Mwalimu. Upepo wa jioni Dodoma ni mkavu na mwepesi, tofauti kabisa na joto la Temeke linaloganda mwilini. Wanafunzi walikuwa wanapiga soga, watoto wanakimbizana, muuza kahawa anapita na birika lake. Shangazi alitazama sanamu kwa muda mrefu kisha akaanza kunieleza mwaka 1973.

Alikuwa muuguzi kijana. Redio ilitangaza kwamba chama cha TANU, baada ya kuuliza matawi yake nchi nzima, imeamua makao makuu yahamie Dodoma. Ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ile watu waliyoizoea kwa jina la CDA. Ilitarajiwa kuhama kutakamilika katika miaka kumi. Wauguzi wenzake walishaanza kuulizana nani atahamishiwa huko kwenye ukame.

Historia ya baadaye naijua kutoka vitabuni, lakini kuijadili pale, kwenye benchi la mji wenyewe, na mtu aliyeiishi, ni jambo jingine. Mpango mkuu wa mji ulitoka mwaka 1976, ukiandaliwa na kampuni ya Canada, Project Planning Associates. Mpango ule unastahili kujulikana zaidi na Watanzania. Wakati mataifa mengine yalijenga miji mikuu ya barabara pana na majengo ya kutisha, Dodoma ilichorwa kwa ajili ya mtu anayetembea kwa miguu. Mitaa ya makazi ipangwe ili mtoto afike shule, mama afike sokoni, mfanyakazi afike kituo cha basi bila kuhitaji gari. Majengo yasiwe marefu mno. Vilima vya mawe viachwe wazi, na mji ufuate umbo la ardhi badala ya kulisawazisha. Hayo yalitokana na fikra za ujamaa za wakati ule, kwamba makao makuu ya wakulima na wafanyakazi yafanane nao.

Fedha hazikutosha. Bei ya mafuta ilipanda, vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vikala hazina, na kuhama kukawa jambo la kusemwa kila mwaka. Bunge lilifanya Dodoma makazi yake mwaka 1996. Mwaka 2016 Rais Magufuli alitangaza kwamba serikali inahamia kweli, na wizara zikaanza kufungasha. CDA ilivunjwa 2017. Dodoma ikawa jiji Aprili 2018. Ikulu ya Chamwino ikafunguliwa Mei 2023, miaka 50 baada ya uamuzi wa 1973. Mji wa leo haukufuata mpango ule wote. Kuna barabara kubwa za magari, kuna majengo marefu, kuna barabara ya mzunguko inayoukumbatia mji. Lakini ukitembea taratibu katika mitaa ya katikati na zile Area C na Area D za zamani, bado unahisi mchoro wa mtu aliyekuwa anafikiria miguu.

Nilimuuliza Shangazi kama miaka hiyo 50 ilimkatisha tamaa. Alisema hapana. "Nilijenga nyumba yangu miaka kumi na minane, kwa mshahara wa uuguzi. Matofali yaliota nyasi. Sasa unakaa barazani kwake." Nikanyamaza.

Alhamisi aliamka kabla ya alfajiri. Alivaa gauni la kitenge na mtandio mpya, akaweka kitambulisho chake cha taifa kwenye pochi na kukikagua mara tatu. Mwananchi ana haki ya kuingia Bungeni kusikiliza, mradi apite kwenye utaratibu wa wageni na ukaguzi, na avae kwa heshima. Tuliketi kwenye jukwaa la wageni, juu ya ukumbi. Saa tatu Spika aliingia, Mpambe wa Bunge mbele yake na siwa begani. Ukumbi mzima ukasimama. Shangazi alisimama pia, na niliona midomo yake ikifuata dua ya kuliombea Bunge neno kwa neno. Alikuwa ameijua kwa miaka kutoka redioni.

Sitasimulia maswali yote. Nitataja moja tu, la zahanati ya kijijini iliyokamilika jengo lakini haina muuguzi wala kitanda cha kujifungulia. Swali hilo lilichukua dakika chache, jibu likasomwa, likaja swali la nyongeza, kisha wakahamia kwenye barabara. Kwa wengi ukumbini lilikuwa swali miongoni mwa maswali. Kwa mwanamke aliyeketi kando yangu lilikuwa maisha yake yote. Aliniegemea akanong'ona, "Hicho kitanda kinachosemwa hapo, mimi najua ukubwa wake." Tulipotoka nje nilimuuliza ameonaje. Alisema ukumbi ni mkubwa, viti vizuri, na kwamba kuanzia siku hiyo akisikiliza redioni atajua nani ameketi wapi. Kisha akasema hili, ambalo nimelirudia kwa watu wengi: "Nimekatwa kodi tangu msichana. Leo nimeona nilichojenga."

Naamini kila mtu aliyetumikia nchi hii angepaswa kuketi katika jukwaa lile angalau mara moja. Shule huwapeleka wanafunzi, na ni vizuri. Wazee wetu nani anawapeleka?

Mchana ule tulilala, na nataka kuutetea usingizi ule. Tumelelewa kuona aibu kupumzika safarini. Umelipa nauli, umelipa chumba, basi uzunguke mpaka fedha irudi. Lakini kilichotokea asubuhi kilikuwa kikubwa, na moyo wa mtu mzima unahitaji muda wa kukipokea. Kama tungemkimbiza Shangazi moja kwa moja kutoka Bungeni hadi Mtumba na kutoka Mtumba hadi chuoni, swali la zahanati lingefunikwa na majengo. Alilala kwa saa mbili. Alipoamka aliagiza chai, akaanza kuniuliza mimi maswali: kazi yangu inakwendaje, kwa nini nimekonda, ni lini nitapumzika. Mazungumzo yale hatukuyapanga. Tuliyaachia nafasi tu.

Ijumaa asubuhi tulitoka nje ya mji, upande wa Bihawana, kuona mizabibu. Wamisionari Wakatoliki ndio waliopanda mizabibu huko katika miaka ya 1950, na wakulima wa Kigogo wakaichukua ikawa yao. Leo, ukisema zabibu Tanzania, umesema Dodoma. Wageni hushangaa zao hilo linawezaje kustawi kwenye nchi inayopata mvua ya milimita 500 hadi 600 hivi kwa mwaka, lakini ukame huo ndio unaolisaidia: magonjwa ya ukungu hupungua na sukari hukolea katika tunda. Na kwa kuwa hakuna baridi kali ya kuulaza mmea, mkulima akipogoa matawi baada ya mavuno, mzabibu huchipua tena na kuzaa. Ndiyo maana Dodoma huvuna mara mbili kwa mwaka, karibu na Machi na tena karibu na Agosti.

Mama mwenye shamba alitupokea kwa "Mbukwa!" na Shangazi, aliyekuwa amefundishwa na dereva wa bajaji njiani, akaitikia ipasavyo. Walicheka wote wawili na baada ya hapo mimi sikuhitajika tena. Waliketi chini ya mti wakila zabibu nyeusi zenye vumbi lililofutwa kwa kanga, wakizungumza magoti, wajukuu na bei. Bei ndiyo iliyomuumiza mama yule. Zabibu ikiiva haisubiri; mnunuzi akichelewa wiki moja, mkulima anauza kwa bei yoyote au anaiona inaozea mtini. Katika mazungumzo yale nilijifunza uchumi wa Dodoma zaidi ya ambavyo ningejifunza kwa kuzungukia wizara zote zenye vibao vipya. Tulinunua ndoo ndogo, tukalipa bei aliyoitaja bila kupunguziwa, kwa amri ya Shangazi.

Liko jambo moja ambalo vitabu vya watalii havina, na kwetu ndilo linaloweza kuharibu safari ya mapumziko kuliko mvua. Ni ndugu. Dodoma tuna binamu, mtoto wa mjomba, aliyehamia na wizara yake. Kwa desturi yetu, kufika mji wenye ndugu ukalala gesti ni sawa na kumtangaza kwamba amekushinda. Lakini kufikia kwake maana yake mke wake atalala chini, watoto watahamishwa chumba, kutakuwa na pilau siku ya kwanza, majirani siku ya pili, na kila asubuhi mtu anakuuliza utakula nini. Upendo wote huo unachosha pande zote mbili, na kila upande unaona haya kusema.

Shangazi ndiye aliyelimaliza, kwa sababu lingekuwa langu lingeonekana dharau. Alimpigia simu binamu wiki mbili kabla. Akamwambia: "Mwanangu, nakuja Dodoma. Nitalala gesti kwa sababu goti langu linahitaji choo cha kukaa na ukimya. Ijumaa jioni nakuja kwako kula, na mkeo asipike zaidi ya chungu kimoja." Alitoa sababu ya kweli, akaitaja siku, akaacha heshima ya kila mtu mahali pake. Ijumaa tulikwenda. Tulikula ugali wa mtama na mlenda, na kuku mmoja. Binamu akapiga muziki wa Hukwe Zawose, zeze na ilimba zikajaa sebule ndogo ile, na Shangazi akasinzia kwenye kochi katikati ya watoto. Mke wa binamu aliniambia jikoni kwamba hajawahi kumpokea mgeni wa ukweni kwa raha namna ile. Tangu siku hiyo naamini kwamba ukarimu wetu ungedumu zaidi kama tungekubali kuuwekea saa na kiasi, na mtu wa kuanza kusema hivyo awe mkubwa katika familia, maana mdogo hasikilizwi.

Hatukufika Kolo. Michoro ile ya miambani ya Kondoa, iliyowekwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, iko mbali kaskazini mwa jiji, na kuifikia kunadai kupanda mawe. Mary Leakey aliifanyia kazi mwaka 1951, akainakili mchoro kwa mchoro, na kitabu chake kikachapishwa 1983. Kazi iliyochukua subira kiasi hicho haistahili kutazamwa na watu wanaowahi treni. Hatukufika Mtumba, wala Mtera, wala UDOM. Kaka yangu alilalamika tuliporudi. Nilimwambia Kolo ni safari yake yeye, magoti yake bado mazima, na kama anataka nitamsindikiza.

Tumerudi na shibe kwa sababu tulichagua jambo moja kubwa na kulipa nafasi. Ndivyo ninavyoona sasa hata mambo mengine ya nyumbani: ratiba za watoto, sherehe zetu, wikiendi zinazojazwa mialiko minne. Nimeanza kukataa baadhi, kwa simu ya mapema na sababu ya kweli, kama alivyofanya Shangazi.

Ndugu msomaji, katika ukoo wako yupo mtu ambaye amesafiri maisha yake yote kwa shida za wengine. Muulize angependa kuona nini, kisha ukae kimya usikilize, hata akichelewa kujibu. Kama atasema Dodoma, weka nafasi ya vyumba kabla Bunge la Bajeti halijaanza Aprili, na usisahau sweta yake.